Baba wa Ubatizo wa Gari la Keki

Katika mtaa wa mafundi wa miguu ya magari, hapa El Alto, mji wa juu mlimani, gari lenye baba wa ubatizo haliguswi na fundi mwingine. Ni kama mke wa mtu: utamsalimia, basi, ushike njia yako. Sheria hiyo hakuna aliyeiandika, na Nemesia Laruta alikuwa ameichukia mwaka mzima kuliko anavyochukia baridi ya Juni, maana baba wa ubatizo wa gari lake alikuwa Hilarión Yujra, na Hilarión ni mtu wa kumnyima maji mwenye kiu huku ndoo ameishika mkononi.

Gari lenyewe ni Toyota la zamani lenye mgongo mrefu, lililoletwa kutoka bandari ya Iquique likiwa na usukani kulia, kama magari ya Wajapani yote. Huku kwetu usukani wa kulia hauruhusiwi barabarani, kwa hiyo mafundi huukata na kuuhamishia kushoto, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha Hilarión tangu ujana. Casiano, mume wa Nemesia, alimpa yeye gari alihamishe usukani, akaipenda kazi yake, na ilipofika Jumanne ya Kanivali, siku ya kuyanywesha magari, akamwomba awe baba wa ubatizo. Hilarión akamwaga bia kwenye magurudumu yote manne, akampa Mama Ardhi fungu lake, akarusha karatasi za rangi, akapasua fataki, kisha akapaza sauti mbele ya mtaa mzima: "Gari hili likilia, nimelia mimi!" Watu wakapiga makofi. Maneno ya mlevi ni matamu, ila hayalali hadi asubuhi.

Casiano alikufa kwa mapafu, kama wanavyokufa wengi waliochimba madini ujanani. Ndugu zake walidhani mjane ataliuza gari. Hakuliuza. Alijifunza kuendesha akiwa na sketi zake za marinda na kofia yake ya duara, akapata kazi kwa Bi Escolástica, mwokaji wa keki za harusi. Na keki za kwetu si mchezo. Zinajengwa ghorofa juu ya ghorofa, zina nguzo na ngazi, kileleni wamesimama bwana na bibi harusi wa sukari, na kila ghorofa ina mfadhili wake anayetaka kuiona imefika nzima. Dereva anayeweza kuishusha keki ya namna hiyo kwenye kona za bondeni bila kuharibu krimu ni mtu wa kupigiwa mfano. Nemesia alikuwa mtu huyo, mpaka bushi zilipokufa.

Chini ya gari, mbele, kuna fimbo ya chuma inayoliunganisha gurudumu la huku na la kule. Mafundi huiita stabilaiza. Kazi yake ni kulizuia gari lisilale kwenye kona. Imefungwa kwa vibano viwili, na ndani ya kila kibano kuna bushi, kipande cha mpira kinachoishika fimbo isichezecheze. Mpira ukiisha, fimbo inagonga chuma kwa chuma, go-go-go, na gari likifika kwenye kona linalala kama mlevi anayetafuta bega la mtu. Mtaa mzima uliisikia ile go-go-go. Hilarión aliisikia kuliko wote.

"Vumilia kidogo, shemeji," Hilarión alikuwa akimwambia Nemesia kila alipokwenda kwake. "Wiki ijayo."

Wiki ijayo ilikuwa haifiki. Alipokwenda kwa mafundi wengine, walijifuta mikono na kuangalia pembeni. "Lina baba yake, mama. Mimi na Hilarión tunakula supu meza moja, usinitafutie ugomvi." Na sababu ya wiki ijayo kutofika ilikuwa imeegeshwa mbele ya karakana ya Hilarión, nyeupe, ndefu, inang'aa: gari jipya la mizigo la mwanawe, Wilmer. Wilmer alikuwa anatafuta mzigo mwepesi wenye heshima. Keki ni mzigo mwepesi wenye heshima.

Kisha ikaanguka keki. Ilikuwa kona ya kawaida tu, ile iliyo baada ya daraja, lakini gari lililala, ghorofa ya juu ikateleza, bwana harusi wa sukari akatumbukia kichwa kwanza kwenye krimu ya malimao. Watu wa harusi walicheka. Bi Escolástica hakucheka. Alimwita Nemesia jikoni, akamwambia huku anakanda.

"Nemesia, mimi na wewe tumetoka mbali."

"Ndiyo, Bi Escolástica."

"Basi usinifanye nikufukuze huku nalia. Jumamosi kuna ghorofa sita za kwenda Río Abajo, chini bondeni. Krimu ikisogea upana wa kidole, kuanzia Jumatatu anabeba Wilmer. Ameshakuja hapa, gari lake bado linanukia upya."

"Wilmer hajui hata kubeba sahani."

"Atajifunza. Keki haijui jina la dereva."

Nemesia alitoka hapo. Hakuwa na kazi nyingine, na umri wa kuanza nyingine ulikuwa umempita. Alhamisi asubuhi akameza mate machungu, akaenda tena kwa Hilarión. Alimkuta amekaa na mafundi wenzake wanakunywa supu ya viazi vikavu. Hakuna aliyempa kiti.

"Fundi, keki ya Jumamosi ndiyo itakayoamua mkate wangu. Nifungie bushi."

"Sina nafasi, shemeji. Si unaona?" Akaonyesha bakuli.

"Basi nitafunga mwenyewe."

Meza nzima ikalipuka kwa kicheko. Mmoja akauliza kama sketi nazo zitaingia chini ya gari au zitabaki nje kulinda. Nemesia aliwasubiri wamalize. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Yeye alikuwa ameubusu mkono wa Hilarión mwaka mzima, midomo ikamchubuka.

"Niambie jambo moja tu. Nikifika sokoni, niseme nataka bushi za gari gani?"

Hilarión alilamba kijiko pande zote mbili. "Usukani wako uko wapi, shemeji?"

"Kushoto."

"Basi sema za usukani wa kushoto. Mtihani huo?"

Wakacheka tena. Nemesia akashukuru, ndiyo, akashukuru, akashika njia ya soko la Julai Kumi na Sita, ambalo hufunguliwa Alhamisi na Jumapili tu, na ambako mtu mwenye subira anaweza kuondoka na gari zima vipande vipande. Muuzaji wa vifaa vya miguu alimuuliza mwaka wa gari, kisha akauliza kama wote wanavyouliza: la kulia au la kushoto? La kushoto, akajibu. Akapewa bushi mbili nyekundu, si za mpira wa kiwandani bali za plastiki ngumu ya siku hizi, pamoja na kipakiti cha grisi.

"Hizi zitakuzika wewe, mama, na zenyewe zibaki," muuzaji akamwambia, akidhani anamsifia.

Ijumaa, jua lilipopasha moto lami, Nemesia aliliinua gari mbele ya lango lake. Aliinua pande zote mbili sawasawa, maana upande mmoja ukining'inia, fimbo inajikunja na bolti zinakataa kutoka. Hilo alimwona Casiano akilifanya na alikuwa hajalisahau. Akaweka magogo chini ya chesisi, akatandika maboksi, akalala chali na sketi zake zote. Bolti alikuwa amezilowesha kwa mafuta ya taa tangu jana yake.

Jirani yake, Bi Prudencia, muuza uji wa mahindi mekundu, alikuwa na meza yake hapo hapo ukutani. Mteja wake wa kwanza akasimama na kikombe mkononi.

"Bi Prudencia, tangu lini magari yanavaa marinda?"

"Tangu wanaume waanze kuogopa grisi. Kunywa uji wako, upite."

Kabla bolti ya kwanza haijalegea, Hilarión alitokea na kiti chake cha plastiki. Aliweka kiti ng'ambo ya barabara, akaketi, akakunja mikono. Watu walipoona fundi ameketi, nao wakasimama, maana pasipo na sinema hata ugomvi unatosha.

"Shemeji!" akaita hatimaye. "Bolti inafunguka kwenda huku, si huko!"

"Najua!"

"Aa, unajua. Mimi nilidhani unakanda unga."

Kicheko. Nemesia aliikamata spana kwa mikono miwili, akavuta, bolti ikapiga kelele, ikakubali. Bushi ya zamani ilitoka vipande vipande kama mkate wa juzi. Akasugua fimbo kwa brashi ya waya, akaifuta, akaifungua bushi nyekundu kwenye mpasuko wake, akaivika. Upande wa pili vivyo hivyo. Akarudisha vibano, bolti zikashika. Alikuwa amefanya vizuri, alijua. Akaishika fimbo kwa mkono, akaitikisa ili ajifurahishe.

Go-go-go.

Akaitikisa tena. Akaingiza ukucha wa kidole gumba kati ya fimbo na plastiki nyekundu, ukucha ukaingia wote. Tundu lilikuwa pana kuliko fimbo. Alilala pale akiitazama, na taratibu akaelewa. Usukani ulihamishwa. Pedali zilihamishwa. Fimbo haikuhamishwa, nani ahangaike kuhamisha fimbo? Ilikuwa ile ile iliyotoka nayo Japani, nyembamba, na bushi alizopewa ni za magari yaliyozaliwa na usukani kushoto, yenye fimbo nene. Hapa mjini kila mtu amewahi kukosea hivyo. Tunaliita gari kwa upande ambao usukani umekaa leo, tunasahau lilikozaliwa, tunarudi nyumbani na kifaa kisichoingia. Ni kosa la kila mtu.

Lakini si kosa la Hilarión Yujra. Aliyelipasua gari hili mpaka mifupa, akalishona tena, hawezi kusahau unene wa fimbo yake. Alimtuma sokoni akijua. Na kiti kile cha plastiki hakukileta ili atazame. Alikileta ili asubiri.

Nemesia alipandwa na chuki mpaka akaonja chuma mdomoni. Alitaka kutoka na spana na kumvunja meno. Halafu akafikiri: nikitoka nikapiga kelele, atasema nini? Atasema, "Shemeji, usukani uko kushoto au hauko?" Watu watacheka, keki itabebwa na Wilmer, na mimi nitakuwa mwanamke mwenye bushi nyekundu na mdomo mkubwa. Soko lilikuwa limefungwa hadi Jumapili. Harusi ilikuwa kesho.

Kwenye mfuko wa aproni yake kulikuwa na vipande vya tyubu ya baiskeli, vile anavyofungia mbao za keki zisiteleze. Hakuhitaji kumwomba mtu chochote. Akafungua tena vibano, akatoa bushi, akaizungushia fimbo tyubu, mzunguko mmoja, akajaribu, bado inacheza. Akaongeza mzunguko wa pili, akauvuta mpaka mpira ukaungana na chuma. Grisi akaiacha kwenye pakiti, maana hapa alitaka vitu vishikane. Bushi ilipoingia safari hii, iling'ang'ania. Ukucha haukupata pa kupita. Sketi zake zilikuwa zimetanda pande zote, na kutoka ng'ambo ya barabara hakuna aliyeona kitu zaidi ya viatu vyake. Haikuwa tiba ya miaka. Ilikuwa tiba ya kesho, na kesho ndiyo aliyoihitaji.

Alilishusha gari, akaliacha likae kwa uzito wake lenyewe, ndipo akamalizia kukaza. Akasimama, uso mweusi, marinda yamejaa mafuta.

"Zimekaa, shemeji?" Hilarión akauliza. Alikuwa anatabasamu.

"Zimekaa. Za usukani wa kushoto, kama ulivyoniambia."

"Basi Mungu akusaidie huko kwenye kona."

Akabeba kiti chake, akaondoka. Bi Prudencia alimsindikiza kwa macho.

"Huyu mzee anachekelea nini? Umefanya kazi yake bila yeye, badala ya kununa anachekelea."

"Anafikiri kesho nitaanguka," Nemesia akasema.

"Na utaanguka?"

Nemesia akapangusa spana. Alikuwa anawaza jambo, na jambo lenyewe lilikuwa baya, na alilipenda.

Jumamosi asubuhi aliliegesha gari mbele ya jiko la Bi Escolástica. Hakushangaa kuliona gari jeupe la Wilmer limeshafika, milango wazi, na Hilarión kaegemea boneti. "Tumekuja tu, kama msaada ukihitajika," akamwambia Bi Escolástica kwa sauti ya mtu wa kanisani. Nusu ya mtaa ilikuwa nje, maana keki ya ghorofa sita ikitoka watu hutoka nayo.

Nemesia alifungua mlango wa nyuma, akatoa chupa za bia, karatasi za rangi na mfuko wa majani ya koka. Akaenda mpaka mbele ya Hilarión, akapiga goti moja hapo barabarani, kama mtu anavyomwomba mwenzake jambo kubwa, akamnyooshea koka kwa mikono miwili.

"Baba wa ubatizo," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kona, "mwanao amevaa viatu vipya. Nakuomba umnyweshe, na umsindikize safari yake ya kwanza, kama ulivyofanya siku ile na Casiano."

Koka inayotolewa hadharani kwa goti haikataliwi. Anayeikataa huwa amejitoa mwenyewe katika watu, na kesho yake hata chumvi haazimwi. Hilarión aliitazama mikono ya Nemesia, akautazama mtaa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na alikuwa anakiona kisima mdomo wazi.

"Shemeji, leo nina kazi…"

"Kazi gani? Si umekuja kusaidia?" akadakia Bi Prudencia kutoka nyuma. "Chukua koka, mzee, mwanamke magoti yanamuuma."

Akachukua. Akamwaga bia kwenye gurudumu, karatasi za rangi zikamwangukia kofiani. Kisha zikapakiwa keki, ghorofa tatu huku, ghorofa tatu kule, kwa kuwa huunganishwa ukumbini, na Hilarión akaketi katikati yake kwenye kigoda, mkono mmoja kwenye ubao wa huku, mwingine kwenye ubao wa kule. Bi Escolástica akapanda mbele. Wilmer alipotaka kufuata nyuma, baba yake alimwambia kwa hasira arudi nyumbani.

Walikwenda taratibu mpaka pale barabara ya zamani inapoanza kushuka. Nemesia alisimamisha gari. Chini yao bonde lote lilikuwa wazi, na kona zimejipanga ukutani hadi mtoni.

Hapa lazima kisemwe kilichokuwa moyoni mwake, kwa sababu hakuwa malaika. Alimweka mzee yule nyuma ili amtese. Alitaka aketi juu ya uongo wake na auhisi. Lakini chini ya chuki kulikuwa na kitu kingine alichokionea haya. Alitaka aseme. Alitaka Hilarión afungue mdomo na kusema, "Ngoja, shemeji, bushi hizo si zake." Neno hilo moja tu. Casiano alimpenda mtu huyu. Akilisema, Nemesia alijua atamsamehe mwaka mzima hapo hapo, na ajichukie kwa kumsamehe.

"Shemeji," akasema akimtazama kwenye kioo, "wewe ndiye baba. Bi Escolástica yumo ndani, keki imo ndani, na wewe umo. Kama gari lina neno, lisemwe sasa tukiwa bado juu."

Bi Escolástica akageuka. "Lina nini?"

Hilarión alitazama dirishani. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na ilikuwa asubuhi ya barafu.

"Halina kitu," akasema. "Endesha."

Nemesia akaendesha. Kona ya kwanza aliiingia polepole, gari likapita limesimama wima. Hilarión hakushtuka, maana kona ya polepole haisemi ukweli. Ya pili aliongeza mwendo kidogo. Ile go-go-go ya fimbo haikusikika. Bi Escolástica alikuwa ameshika rozari yake na macho ameyafumba, kwa hiyo hakuona kilichotokea kwenye kona kubwa, ile yenye misalaba ya marehemu pembeni.

Lori la mchanga lilikuwa linapanda, limechukua njia yote. Nemesia ilibidi akate usukani kulia, kisha kushoto kwa nguvu, bila breki, kwa sababu breki ingezirusha keki mbele. Katika ule mkato, sekunde ile ambayo kila dereva wa keki huangalia nyuma, aliangalia kwenye kioo. Mikono ya Hilarión haikuwa kwenye mbao. Alikuwa ameziachia keki zote mbili na kushika mpini wa mlango kwa mikono yote miwili, kichwa kaingiza mabegani, magoti kayakunja. Alikuwa amejiandaa. Alikuwa anasubiri gari lilale, keki zimwagike, pengine watu wote waende kwenye misalaba, na alichoamua kukiokoa kilikuwa nafsi yake.

Gari halikulala. Lilipita kwenye kona kama meza inayosukumwa sakafuni. Lori likapiga honi, likapotea. Ghorofa tatu zilisimama huku, tatu kule, zimeshikwa na vipande vya tyubu tu, na bibi harusi wa sukari hakutikisa hata shela.

Taratibu, mikono ya mzee ikarudi kwenye mbao. Macho yao yakakutana kwenye kioo. Nemesia akaendesha mpaka Río Abajo.

Ukumbini keki ilipokelewa kwa tarumbeta. Bi Escolástica aliikagua ghorofa moja moja, akaweka kidole kila mahali ambapo krimu hupenda kusogea, asione kitu. Akamkumbatia Nemesia, akampaka unga.

"Yule Wilmer nitamwambia atafute saruji ya kubeba," akasema.

Hilarión alikuwa amesimama kando ya gari, anakung'uta karatasi za rangi kwenye kofia. Alikohoa. "Bushi zimekaa vizuri, shemeji. Umefanya kazi ya mwanaume."

Hapo ndipo Nemesia alipokosa subira.

"Tundu la bushi hizi ni pana kuliko fimbo. Ulijua juzi ulipokuwa unalamba kijiko, ulijua jana ukiwa kwenye kiti, na ulijua leo ulipoambiwa useme. Nimezijaza kwa tyubu ya baiskeli. Nisingezijaza mimi, ungetuua."

"Mimi nilikuuliza usukani uko wapi. Uko kushoto. Nimedanganya?"

"Na mikono yako kwenye kona ya misalaba ilikuwa wapi?"

Bi Escolástica alimtazama mzee, akamtazama Nemesia, akatazama tena mikono ile mikubwa ya fundi. Akavuta pumzi ndefu.

"Uliachia keki yangu?" akauliza. "Nikiwa nimekaa mbele yako?"

"Bi, barabara ilikuwa…"

"Nimekuuliza kama uliachia."

Hilarión akarudia kukung'uta kofia. Mpiga tarumbeta mmoja aliyekuwa anavuta sigara pale nje aliacha kuvuta.

"Casiano alikupa mwanawe mbele ya watu," Nemesia akasema. Sauti ilimkatika, akaikasirikia, akairudisha. "Mimi nakunyang'anya mbele ya watu. Kuanzia leo gari hili ni yatima. Likilia, usilie. Likifa, usije matangani. Na mafundi wako wa supu waambie sasa wanaweza kuligusa, halina baba tena."

Akaingia, akawasha. Bi Escolástica akapanda mbele, akafunga mlango kwa kishindo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye gari la mtu. Hilarión alibaki barabarani na kofia mkononi, na kutoka Río Abajo hadi El Alto ni kupanda tu.

Walipofika juu kidogo, Bi Escolástica alianza kuhesabu kazi za wiki ijayo: ubatizo, harusi mbili, mtoto wa mchinjaji anamaliza shule. Nemesia aliitikia kila moja. Machozi yalikuwa yanamshuka, na Bi Escolástica, akidhani ni ya furaha, alimpa leso.

"Lia, mwanangu. Umeshinda."

"Sikutaka kushinda hivi," Nemesia akasema. "Nilimpa nafasi ya kusema. Nilikuwa naomba aseme."

Akapangusa uso, akabadilisha gia, akaendelea kupanda.